Kadi ya Fisi wa Kahawia

Wale kati yenu mliopitia karakana yetu ya kutengeneza wanyama wa maonyesho, katika makumbusho ya London, kwa miezi ya mafunzo, na ambao sasa mnafanya kazi katika majumba ya makumbusho ya Afrika Mashariki, mmeniandikia mara kadhaa tangu nilipostaafu, mkinitaka niweke kwenye karatasi yale niliyoyapitia. Nimechelewa kujibu kwa sababu sipendi kumbukumbu za wazee. Mzee akianza kukumbuka, wanyama aliowatengeneza huongezeka ukubwa na wakubwa wake wa kazi hupungua akili. Nitajaribu kuepuka yote mawili. Vyeo nilivyopewa havina faida kwenu, na mshahara wa makumbusho mnaujua. Nitaandika juu ya siku za mwanzo, vifaa, mtu aliyenifundisha, na kosa moja. Kosa ndilo litakalochukua nafasi kubwa, kwa sababu ndilo ambalo hamtalikuta katika mwongozo wowote.

Nililetwa London na masomo ya zoolojia. Shahada ya kwanza niliipata nyumbani, ya pili hapa, nami nilidhani kwamba mtu mwenye shahada mbili hupewa chumba chenye dirisha. Nilipewa karakana ya chini ya ardhi yenye taa mbili ndefu, meza iliyofunikwa kwa bati la zinki, na harufu ya boraksi, ile chumvi ya kuhifadhia ngozi, na gundi ambayo baada ya wiki mbili sikuisikia tena, ingawa watu kwenye basi waliendelea kuisikia. Aliyenipokea ni Bwana Pask, fundi mkuu, Mwingereza mrefu, mkavu, aliyevaa tai chini ya aproni kila siku ya kazi. Hakuniuliza nilisoma wapi. Aliitazama mikono yangu, akaniuliza kama vumbi hunidhuru, kisha akaniwekea njiwa aliyekufa mezani.

"Mtengeneze huyu," alisema. "Lakini usimguse kwanza. Umewahi kumtazama njiwa?"

Nilimjibu kwamba njiwa kila mtu amewatazama.

"Sikuuliza habari za kila mtu."

Nikatumwa siku tatu Walthamstow, pembeni mwa London, kwa sababu mtaa wake wa soko ni mrefu na njiwa wake wana shughuli nyingi. Nilisimama kando ya meza ya mama mmoja muuza viazi, nikiwa na daftari. Siku ya kwanza alinidhania mkaguzi wa baraza la mji. Siku ya pili aliniuliza waziwazi nafanya nini, nikamweleza.

"Na hiyo ni kazi?" aliuliza.

"Ni kazi."

"Basi wakitaka mtu wa kutazama kunguru, waambie nipo."

Nilirudi karakanani, nikamtengeneza yule njiwa kwa wiki moja. Bwana Pask alimzungusha mara mbili juu ya kiganja. Mabawa aliyakubali. Miguu aliikubali. Akaigusa shingo kwa ncha ya kalamu, akasema, "Shingo umeambiwa." Alikuwa na haki. Siku zote tatu nilitazama mabawa na miguu, na shingo nikaitengeneza kwa kukumbuka picha za vitabuni.

Hapo ndipo aliponionyesha kadi. Kila mnyama aliyeingia karakanani alikuwa na kadi yake, na kila kadi ilikuwa na safu tatu: Nimeona, Nimepima, Nimeambiwa. Maneno yenyewe yalikuwa ya Kiingereza, nami nayatafsiri. Yaliandikwa kwa wino. Hakuna kilichofutwa, aliyekosea alipiga mstari mmoja juu ya kosa, ili lisomeke, akaandika sahihi na tarehe pembeni. Bwana Pask alisema kwamba ngozi huliwa na nondo na udongo hupasuka, lakini kadi hubaki, na mtu atakayeisoma baada ya miaka hamsini hatakuwa na njia ya kutuuliza maswali. Mmeiona desturi hii ninyi wenyewe, na baadhi yenu mliilalamikia. Naijua sababu. Safu ya kwanza hubaki tupu mara nyingi, na utupu huo huaibisha.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Kijiko cha chai kilichonolewa ukingo hukwangua mafuta ya ngozi vizuri kuliko kisu chochote cha kununua, na ninacho kimoja tangu mwaka wangu wa pili. Macho ya kioo yanunuliwe jozi kwa jozi na yakaguliwe mchana, karibu na dirisha, hata kama dirisha lenyewe ni la watu wa ghorofani. Mtu asiye wa kazi hii hudhani kwamba tunajaza ngozi majani kama mto. Hatujazi. Tunaunda mwili kwanza, kwa mbao, waya na udongo, kwa vipimo vya mzoga wenyewe, kisha tunauvika ngozi. Mwili wa ndani ukiwa wa uongo, vazi litausema. Midomo ndiyo husema mapema zaidi, hasa kwa mnyama mla nyama. Mdomo uliofungwa ni mgumu kuliko mdomo ulio wazi. Fundi anayewaachamisha wanyama wake wote mara nyingi ni fundi asiyeweza kuwafunga.

Tulikuwa watatu karakanani, na wawili walikuwa Waingereza wasiopenda kuzungumza. Ghorofani walikuwako wanazuoni waliokunywa chai saa nne. Sisi tulikunywa saa nne na robo, vikombe vyao vikishaoshwa. Sikuonewa. Natamka hilo kwa sababu kuna vijana wanaotaka niseme vingine. Niliachwa tu. Kwa miaka mitatu hakuna aliyeniuliza swali lolote lililohitaji akili yangu badala ya mikono yangu. Nyumbani Tottenham, kaskazini mwa mji, mke wangu Rehema, ambaye alikuwa muuguzi, alirudi wakati ninaondoka na kuondoka wakati ninarudi, na kuna wiki ambazo maongezi yetu yalikuwa vipande vya karatasi vilivyobandikwa kwenye jokofu.

Katika mwaka wa nne zililetwa ngozi mbili pamoja na mafuvu yake, kutoka pwani ya jangwa la kusini-magharibi mwa Afrika. Zilikuwa za fisi wa kahawia. Wengi wenu hamjamwona mnyama huyu, kwani kwetu hayupo. Ni mwenye manyoya marefu, meusi kwa wekundu, na shingo ya rangi ya maziwa yaliyoganda. Masikio yamechongoka, miguu ina mistari, na mgongo unashuka kuelekea nyuma kama wa fisi wote. Ghorofani walitaka kabati kubwa la kioo kwa ajili ya ukumbi wa Afrika, na kwa mara ya kwanza niliitwa kwenye mkutano wao. Mkuu wa maonyesho alinielekea mimi badala ya Bwana Pask.

"Wewe unatoka huko," alisema. "Fisi wanaishije?"

Mimi natoka Singida. Mtu wa London yuko karibu zaidi na Istanbul kuliko mtu wa Singida alivyo karibu na pwani ile. Fisi niliowajua ni wale wenye madoa, ambao hula kwa kundi na kupiga ile kelele ambayo watu huiita kicheko. Vitabu nilivyokuwa navyo vilimpa fisi wa kahawia aya moja, nayo haikusema anakula na nani. Nilipaswa kusema kwamba sijui. Badala yake nilisema kwamba fisi hula pamoja, vichwa vikigongana, midomo wazi, na kwamba hucheka.

Bwana Pask aligeuka. "Umewaona?"

"Nimewaona."

"Hawa wenyewe?"

Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha ghorofani, chenye mto, mbele yangu kikombe cha chai ya saa nne, na watu watano walikuwa wakinisubiri. Nikasema ndiyo.

Tuliwatengeneza kwa miezi saba. Tuliwainamisha juu ya mzoga wa choroa, yule swala mkubwa wa jangwani, bega kwa bega, meno nje, na midomo ile niliichonga mimi. Kwenye kadi, safu ya kwanza, niliandika kwa wino: hula kwa kundi, midomo wazi, kwa kelele. Kabati lilipendwa. Walimu walileta madarasa. Tangu siku ile niliitwa ghorofani mara kwa mara, nikawa mtu wa kuulizwa. Rehema alikuja kuwatazama siku yake ya mapumziko, akasimama mbele ya kioo na koti lake mkononi.

"Hawa fisi wako wana kelele," alisema. "Wanasikika hata kupitia kioo."

Nilidhani amewasifu.

Baada ya miaka miwili ikaja barua ya bibi mmoja aliyekulia katika shamba pembezoni mwa jangwa lile. Aliandika kwa adabu kwamba fisi wa kahawia aliowaona tangu utoto hutafuta chakula peke yao, kimya, na kwamba wale wetu wanafanana na wanyama wengine kabisa waliovaa ngozi hiyo. Bwana Pask aliniletea barua mezani.

"Unasemaje?"

"Labda amesimuliwa," nilijibu. "Mimi nimeona."

Aliitazama barua kwa muda, kisha akaitia nyuma ya kadi, akaandika juu yake neno moja: Nimeambiwa. Yeye ndiye aliyenifundisha neno lile, na nilimfanya alitumie dhidi ya mtu aliyesema kweli. Alistaafu miaka michache baadaye. Nilipokwenda kumtazama hospitali alikuwa amekonda mpaka pete yake ilifungwa kwa uzi. Alizungumzia njiwa, akacheka kidogo, kisha akasema kwamba wale fisi ndiyo kazi ya karakana asiyokuwa na shaka nayo hata kidogo. Muuguzi akaja kubadili maji. Nilikuwa na dakika kama kumi za kusema, nikazitumia kumweleza habari za boraksi mpya.

Rehema alifariki miaka tisa iliyopita. Hatukujaliwa watoto. Mwaka uliofuata nilikuwa na likizo nyingi ambazo sikuwa nimezitumia, na hakukuwa na mtu wa kuzitumia naye, hivyo nikaenda kwenye pwani ile. Sitasema nilikwenda kutubu. Nilikwenda kuijaza safu yangu ya kwanza, kwa kuchelewa miaka mingi. Aliyenitembeza aliitwa Selma, mama wa makamo ambaye kazi yake ni kufuata nyayo za fisi hawa. Kwa siku nne tuliona nyayo tu. Alinionyesha unyasi mmoja uliopakwa ute kidogo wa aina mbili, mweupe chini na mweusi juu yake, ambao fisi hutoa mwilini na kuuacha njiani. Mweusi huisha harufu mapema, mweupe hukaa. Fisi wa ukoo ule ule, ambao kwa siku kadhaa hawakutani, husoma hapo nani amepita na lini. Unyasi nimeuona. Kuhusu usomaji, nimeambiwa.

Asubuhi ya tano kulikuwa na ukungu mzito kutoka baharini. Tulikuwa tumekaa nyuma ya jiwe alipotokea, mmoja, kwa mwendo wa mtu anayejua umbali uliobaki. Alikuwa amembeba mdomoni mtoto wa sili, yule mnyama wa baharini. Manyoya yalikuwa yamelowa na kulala. Alipita hatua kama arobaini mbele yetu, akatutazama mara moja bila kusimama, na hakutoa sauti yoyote. Mdomo ulikuwa umefungwa juu ya mzigo wake, na nikaona jinsi mdomo wa juu unavyokunjwa karibu na jino la mbele, mkunjo ambao sikuuchonga kamwe.

"Kule London mnao?" Selma aliuliza fisi alipokwisha kutoweka.

"Wawili."

"Wanafanya nini?"

"Wanakula."

"Pamoja?" Akacheka kidogo. "Hao wana bahati."

Aliniambia pia kwamba huyu hakuwa anakwenda kula. Alikuwa anaupeleka mzigo ule kwenye pango la watoto, na si lazima wawe wake. Kuna wasafiri ambao wangepata funzo hapo. Mimi sipendi kuwafanya wanyama walimu wa maadili. Nilipima nyayo, nikaandika, nikarudi London. Na baada ya kurudi nilinyamaza miaka minane. Hili ndilo nisiloweza kulielezea vizuri. Uongo wa kwanza ulikuwa wa kijana aliyetaka kuulizwa. Kimya cha pili kilikuwa cha mzee aliyekwisha kuzoea kuulizwa, ambaye hakuwa na kingine cha kurudi nacho nyumbani jioni.

Sasa nifike kwa Nimisha, ambaye wote mnamjua, kwa kuwa ndiye aliyewafundisha kushona. Alikuja karakanani miaka kumi iliyopita, na wiki ile ile akagundua kwamba nazungumza Kiswahili. Baba yake, Bwana Jayanti, alizaliwa Kisumu na ana duka la vyakula Tooting, kusini mwa London. Nimisha anaelewa Kiswahili chote, ila hujibu kwa Kiingereza; kwa hiyo sisi wawili tumeishi miaka kumi kila mmoja akisema lugha yake, bila ugomvi. Tangu msiba wa Rehema nimekuwa nikienda Tooting kila Jumamosi ya pili, safari ya kuvuka mji mzima kwa treni ya chini ya ardhi, kununua mbaazi ambazo zinauzwa pia mita mia kutoka mlangoni pangu.

Miezi kadhaa kabla sijastaafu iliamuliwa kwamba ukumbi wa Afrika ufanywe upya. Nondo walikuwa wameingia katika kabati la fisi, na Nimisha akapewa kulirekebisha. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa ambayo ingebeba jina lake. Angewasafisha fisi, kuwatia viraka, na kuandika kadi mpya na maelezo ya ukutani kutokana na kadi ya zamani. Wataalamu wa wanyama hawa walikuwa wamealikwa kutoka kusini mwa Afrika kwa ajili ya ufunguzi. Nilijua wangeona nini katika dakika ya kwanza, na jina gani wangelisoma chini yake. Nililijua hilo kila asubuhi, kwa majuma matatu, nikiwa mezani pangu, hatua nne kutoka mezani pake.

Jumamosi yangu ilipofika nilikwenda Tooting.

"Ficheni nyama," alisema Bwana Jayanti niliposukuma mlango. "Fundi wa fisi amekuja."

"Duka lako halijawahi kuwa na nyama."

"Ndiyo maana halijawahi kuibiwa na watu wako. Karibu, Mzee. Mbaazi zako ziko pale, zimeanza kuuliza habari zako."

Nimisha alikuwa ameketi juu ya gunia la mchele na jalada la karakana magotini. Aliinua karatasi moja. Niliutambua mwandiko kabla hajasema neno.

"Mzee, nimeikuta hii nyuma ya kadi," alisema. "Huyu mama anadai hawa fisi hutembea peke yao, kimya. Lakini wewe umeona, kwa hiyo nimemweka kando. Maelezo nimeshaandika. Jumatano natia sahihi."

"Fisi kimya?" Bwana Jayanti aliingilia, akifuta mizani. "Fisi wanacheka. Kila mtu anajua."

"Pappa, wewe umewaona?"

"Mimi? Nimetoka Kisumu nikiwa na miaka kumi na tisa. Fisi sikumwona hata mmoja. Kusikia, nilisikia. Yaya alinitisha nao nikikataa dengu."

"Basi wewe ni safu ya tatu."

"Mimi safu ya tatu, sikatai. Kwa nini niseme uongo kwa sababu ya fisi?" Akanigeukia. "Huyu ndiye safu ya kwanza. Eti Mzee, wewe umewaona wangapi?"

Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya embe. Nimekutana na wanazuoni wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali hilo kwa namba.

"Wa Singida, wenye madoa, wengi," nilisema. "Wa aina hii, mmoja."

Nimisha alishusha karatasi. "Mmoja? Lini?"

"Miaka minane iliyopita."

"Kadi ina zaidi ya thelathini."

"Naam."

Bwana Jayanti aliitazama mizani yake, ambayo haikuwa na kitu, akakumbuka jambo nyuma ya duka, akatupisha.

"Huyo mmoja alikuwa anafanya nini?" Nimisha aliuliza.

"Alikuwa anatembea. Peke yake. Mdomo umefungwa."

"Kwa hiyo huyu mama..."

"Huyu mama aliona. Mimi ndiye niliyeambiwa, tena nilijiambia mwenyewe."

Mteja aliingia, akachukua giligilani, akaacha sarafu kwenye meza na kutoka.

"Ningetia sahihi, Mzee."

"Najua."

"Jumatano."

"Najua. Ndiyo maana nimesema leo."

"Hukusema," alijibu. "Pappa alikuuliza."

Hilo ni kweli, na naliandika kama alivyolisema. Alifunga jalada, akaondoka kwa mlango wa nyuma. Bwana Jayanti alirudi na mfuko wa mbaazi, akaupima mara mbili ingawa ulikuwa umekwisha kupimwa.

"Fisi wawili au fisi mmoja," alisema polepole, "ni jambo kubwa namna hii?"

"Kwake ni kubwa."

"Basi kwangu pia. Ni binti yangu." Akanisogezea mfuko. "Lakini Jumamosi ya pili uje. Mbaazi hazina kosa."

Jumatatu nilikuta kadi ya zamani juu ya meza yangu, na kando yake kalamu ya wino. Nimisha alikuwa amenipa mgongo. Nilipiga mstari mmoja, nikaandika sahihi na tarehe, kisha nikapanda ghorofani na kumweleza mkuu wa idara. Alikuwa mpole kupita nilivyotaka. Alisema kwamba makosa ya zamani ni ya watu wengi. Nilimjibu kwamba hili lilikuwa la mtu mmoja, na kwamba nitashukuru likiandikwa hivyo. Ufunguzi uliahirishwa, na iliamuliwa kwamba kabati jipya litakuwa na fisi mmoja, akitembea.

Wiki zangu za mwisho nilizitumia kufunga mdomo. Ngozi kuukuu hailainishwi kwa haraka: tuliifunika pamba yenye unyevu, tukaifunga ndani ya plastiki siku mbili, tukaijaribu kwa kidole, tukaifunga tena. Tuliivua yote na kuunda mwili mpya, kwa sababu mnyama aliyeinama kula hawezi kulazimishwa kutembea kwa kukunjwa miguu tu. Ngozi ya kwanza ilikuwa imeliwa ubavuni na begani. Hakukuwa na manyoya mengine ya kufanana nayo isipokuwa ya yule wa pili, kwa hiyo yule wa pili alikatwa viraka. Nilimkata mimi. Mabaki yake yamo katika droo, yameandikwa. Mkunjo ule karibu na jino niliuchonga mara kumi na moja kabla ya kuukubali, na Nimisha aliukataa mara ya kumi na moja, akawa na haki, nikauchonga tena. Hatukuzungumza zaidi ya kazi. Siku moja tu aliniuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye sindano, kama manyoya ya shingo yalikuwa yamesimama au yamelala.

"Yamelala," nilisema. "Kulikuwa na ukungu."

"Umeona?"

"Nimeona."

Akayalaza.

Nilimwandikia yule bibi kwa anwani iliyokuwa kwenye barua yake. Bahasha ilirudi baada ya wiki tano. Mwenye anwani hayupo. Kadi za Bwana Pask hazikuwa na safu ya kilichoonwa na mtu mwingine mwaminifu, na huo, nathubutu kusema, ulikuwa upungufu wake pekee. Nimisha aliongeza mstari chini ya safu ya kwanza, akaandika jina la bibi yule na maneno yake yote. Ninawaomba mfanye hivyo hivyo. Barua ya mtu aliyekaa na mnyama ina uzito kuliko kumbukumbu ya fundi aliyepewa kiti chenye mto.

Kwenye sherehe ya ufunguzi sikwenda. Nilikwenda siku ya kawaida, Jumanne asubuhi, nikaning'iniza koti langu pamoja na ya wageni wengine. Ukumbi ni mweupe sasa na kabati limewekwa mbali na mengine. Fisi yuko peke yake juu ya mchanga, mguu wa mbele mmoja umetangulia, mdomo umefungwa juu ya mzigo wake. Hana kelele. Nilisimama pale Rehema aliposimama. Karibu yangu alikuwapo mama na binti yake mdogo, na mama alikuwa amemsomea maelezo ya ukutani mpaka mwisho, polepole, kwa kidole.

"Lakini anakwenda wapi?" mtoto aliuliza.

Mama alirudia maelezo tangu mwanzo, akitafuta. Hayamo. Wangeniuliza, wangepata jibu la hakika, kwa kuwa nililiandika mwenyewe kwenye kadi mpya, kwa wino, mstari wa mwisho wa safu ya kwanza, siku yangu ya mwisho ya kazi: mmoja, asubuhi, ukungu, akielekea kaskazini na mzigo, alikokwenda sikuona.